Kitabu cha kwanza cha Akhmatova: ni msichana analilia mapenzi tu?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Mimi nafundisha shule ya msingi na naandika mashairi kidogo kidogo kwenye simu. Rafiki yangu kanitumia pidiefu ya mashairi ya Anna Akhmatova kwa Kiingereza, kile kitabu chake cha kwanza kinaitwa Jioni. Kila mahali wanasema kiligeuza ushairi wa Kirusi, lakini mimi nimekisoma mara mbili naona ni msichana analia kaachwa, vishairi vifupi, vingine kama havina mwisho. Halafu nikakutana na lile la mume anachapa na mkanda, nikashtuka. Ni kweli mumewe alikuwa anampiga? Nauliza kwa sababu na mimi nina mashairi arobaini na kitu, mengi ya mapenzi, lipo moja la mke anayepigwa, naogopa nikitoa kitabu ndugu watasema namsema mume wangu. Na mtu mmoja wa kundi letu kaniambia mapenzi ni mada nyepesi, nisubiri nikomae. Nisubiri?"

Marahaba dada yangu. Swali lako limebeba mambo matatu: kitabu kina nini ambacho hukukiona, yule mwanamke wa kwenye mashairi ni Akhmatova mwenyewe au siye, na wewe ufanye nini na hayo yako. Naanza na la kwanza manake mawili yaliyobaki yote yananing'inia hapo, na nakuomba unisome polepole, jibu ni refu kidogo.

Kwanza ujue tunaongelea kitu gani. Vecher, yaani Jioni, kilitoka St Petersburg Machi 1912, nakala 300 tu, mashairi 46. Mwenyewe alikuwa na miaka 22. Kilitoka kwa jina la Tsekh Poetov, yaani Chama cha Mafundi wa Ushairi, kundi lililoanzishwa mwaka 1911 na mumewe Nikolai Gumilyov pamoja na Sergei Gorodetsky, na yeye Akhmatova ndiye alikuwa katibu, kwa hiyo ni kama marafiki wamechapishana wenyewe kwa wenyewe. Dibaji aliandika Mikhail Kuzmin, mshairi aliyemtangulia, ambaye alianza na habari ya chama fulani cha kale cha Alexandria ambacho wanachama wake walijihesabu ni watu wa kufa ili kila kitu cha maisha wakionje kwa ukali zaidi. Na mbele kabisa Akhmatova aliweka mistari miwili ya Mfaransa André Theuriet, kwamba mzabibu unachanua na mimi jioni hii nina miaka ishirini. Unaona? Kuanzia mlangoni kitabu kinakwambia ni cha mtu mdogo, anayeonja vitu vidogo kama vile kesho havitakuwepo.

Sasa unaposema ni msichana analia, mimi nakuuliza, analia wapi? Rudi kwenye pidiefu yako utafute mahali anaposema nimeumia, nina uchungu, moyo wangu umevunjika. Utapata, siwezi kukudanganya, lakini utapata mara chache kuliko unavyokumbuka, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Wewe umetoka kwenye kitabu unahisi umesikia kilio wakati yeye muda wote alikuwa anakuonyesha vitu tu.

Chukua lile linaloitwa Wimbo wa Kukutana Mara ya Mwisho, la 1911. Mwanamke anatoka kwenye nyumba ya mwanaume, mambo yameisha. Anasema kifua kilikuwa kinapoa, sina msaada, lakini hatua zangu zilikuwa nyepesi. Afu anasema, nikavaa mkono wa kulia glavu ya mkono wa kushoto. Basi. Haendelei kueleza. Halafu anasema ngazi zilionekana nyingi, na mimi nilijua ziko tatu tu. Hivi dada, umewahi kutoka mahali umechanganyikiwa? Akili inasema niko sawa, natembea vizuri tu, lakini mikono imeshajua kwamba hauko sawa. Huyu mwanamke anajikaza, anajidai mwepesi, na glavu inamsaliti. Angeandika nilichanganyikiwa sana tungemuonea huruma tukaendelea na safari, ila kwa kuwa kaandika glavu tunakuwa tumemfumania, tunajua kitu ambacho yeye mwenyewe hataki kukisema.

Na hapo kuna kitu ambacho tafsiri imekuficha kabisa. Wewe unaandika mashairi, mizani unaijua. Sasa Kirusi hakihesabu mizani peke yake, kinahesabu na mkazo, kwa sababu kwenye Kirusi mkazo wa neno unaweza kuangukia popote, mwanzo, katikati, mwisho, siyo kama kwetu ambapo karibu kila neno mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mshairi wa Kirusi anatengeneza mwendo, silabi mbili laini halafu moja nzito, ta-ta-TA, ta-ta-TA, ta-ta-TA, na msomaji anazoea, mwili unaanza kutegemea hatua inayofuata. Mistari mitatu ya kwanza ya shairi hili inakwenda hivyo hivyo bila kukosea, mizani 10, 9, 10. Unafika mstari wa nne, ule wa glavu, ghafla mizani ni 7, na mwendo unakuwa ta-TA-ta-TA-ta-ta-TA. Yani mstari wenyewe umejikwaa. Mkono umekosea glavu na mguu wa shairi umekosea hatua, palepale, kwa pamoja! Mrusi aliyesoma hili 1912 hakuhitaji mwalimu wa kumwambia, alilisikia kwenye sikio lake. Mwendo wa namna hii wenyewe wanauita dolnik, na siyo yeye aliyeubuni, mshairi Aleksandr Blok alishautumia sana kabla yake, lakini kuutumia ili mkono wa mtu utetemeke mbele ya macho yako, hilo alilifanya kwa namna yake.

Ili uone kwa nini watu walishtuka lazima ujue walikuwa wamezoea nini. Miaka ile waliotawala ushairi wa Urusi walikuwa wale wa usimboli, yaani ushairi wa ishara na mafumbo, kina Bryusov, Balmont, Vyacheslav Ivanov, na huyo Blok. Kitabu cha kwanza cha Blok, cha mwaka 1904, kinamwimbia Bibi Mzuri ambaye huwezi kujua ni mwanamke, ni roho, ni hekima ya Mungu au ni mapambazuko. Ni mashairi makubwa, nayapenda sana, lakini humo mwanamke anatazamwa kwa mbali kama taa ya mnarani na yeye hasemi kitu. Afu anakuja huyu binti, mwanamke ndiye anayeongea, na anachoongea ni ngazi tatu, glavu, kiti, mjeledi mdogo wa farasi uliosahauliwa mezani. Hakuna ukungu hapo. Baadaye, Januari 1913, Gumilyov na Gorodetsky wakatoa matamko yao wakauita mwelekeo huu akmeizimu, kurudi kwenye dunia hii na vitu vyake, na wengi wanadhani Akhmatova aliandika kwa kufuata matamko yale. Angalia tarehe lakini. Kitabu kimetoka 1912, matamko 1913, kwa hiyo mashairi ndiyo yalitangulia.

Na kama unataka kujua alijifunzia wapi, wa kumuangalia ni Innokenty Annensky, aliyekuwa mkuu wa shule ya wavulana pale Tsarskoe Selo, mji mdogo wa kifalme nje ya St Petersburg ambako Akhmatova alikulia. Annensky alifariki 1909, na 1910 Gumilyov akamuonyesha mkewe prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, za kitabu cha Annensky kilichotoka baada ya kifo chake. Akhmatova mwenyewe alieleza baadaye kwamba alisoma akasahau kila kitu duniani. Mwaka huohuo ndipo mashairi yakaanza kumjia mfululizo kwa namna ambayo hajawahi kuiona.

Umesema vingine kama havina mwisho. Hapa nitakubishia kidogo. Kuna lile linaloanza na mwanamke kakunja mikono chini ya shela nyeusi, mtu anamuuliza mbona leo umepauka? Anajibu, kwa sababu nimemlevya mtu kwa huzuni kali. Anasimulia jinsi mwanaume alivyotoka akiyumba, mdomo umepinda kwa maumivu, na yeye akashuka ngazi mbio bila hata kushika kizuizi, akamkimbiza mpaka getini, akapiga kelele pumzi zimemwishia, yote yale yalikuwa utani, ukiondoka nakufa. Mwanaume anatabasamu, tabasamu tulivu la kutisha, anamwambia, usisimame kwenye upepo.

Ndiyo mwisho. Unaona hauna mwisho? Mimi naona mlango umefungwa na komeo juu. Angemtukana tungesema bado anampenda, hasira ni mapenzi. Angelia pia tungekuwa na matumaini. Lakini kamjibu kwa ile adabu ya mtu anayemjali jirani, utapata mafua, ingia ndani. Mapenzi yamekufa na kilichobaki ni ustaarabu. Kwa maneno manne tu ya Kirusi! Kwa hiyo unapokutana na shairi lake ukaona limekatika, rudi usome mstari wa mwisho peke yake ujiulize, huyu aliyesema hivi sasa hivi anahisi nini, na kwa nini amechagua kusema hiki badala ya kile.

Tuje kwenye mkanda. Jibu fupi: hapana, lile shairi siyo ushahidi wa kwamba Gumilyov alimpiga mkewe. Na wewe siyo wa kwanza kuuliza, Gumilyov mwenyewe alisumbuliwa na sifa mbaya aliyoipata kwa ajili ya shairi hilo. Hebu liangalie kwa karibu. Mume kanichapa kwa mkanda wenye nakshi, uliokunjwa mara mbili. Mimi nakaa usiku kucha dirishani na taa kwa ajili yako. Kunapambazuka, moshi unapanda juu ya kibanda cha mhunzi, na wewe tena hukuweza kuja. Au unampenda mwenye nywele za dhahabu, au mwekundu ndiye anayekupendeza? Na mwishoni mionzi ya jua inalala juu ya kitanda ambacho hakijavurugwa. Sasa dada, Akhmatova alikuwa mke wa mshairi, kasoma gimnasia, yaani sekondari, Kiev, kasoma mpaka sheria kwenye kozi za juu za wanawake huko huko Kiev, kaenda fungate Paris. Huyu wa kwenye shairi ni mke wa kijijini wa kwenye nyimbo za wenyeji, anayengoja mpenzi wa pembeni wakati mume mkali yumo ndani. Mdundo wenyewe ni wa wimbo wa kienyeji. Kavaa sauti ya mtu mwingine kabisa.

Na siyo hapo tu. Katika kitabu hichohicho kuna shairi la Mfalme mwenye macho ya kijivu, la 1910. Mume anarudi nyumbani jioni, anasema kwa utulivu kabisa kwamba mfalme kafa mawindoni, maiti imekutwa chini ya mwaloni mzee, masikini malkia, usiku mmoja tu nywele zimegeuka mvi. Anachukua kiko chake anaondoka kwenda kazini zamu ya usiku. Mke anabaki, anasema sasa nitamwamsha binti yangu niyatazame macho yake ya kijivu. Umeshaelewa eeh? Hajasema alikuwa na mahusiano na mfalme, hajasema mtoto ni wa nani, hata machozi hayapo. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema Akhmatova alizaa na mfalme. Lakini likija la mkanda watu wanakimbilia kusema hapo anajisimulia. Mahali pengine anasema anaishi kama yule ndege wa kwenye saa ya ukutani, anatiwa ufunguo analia, na maisha hayo hamtakii mtu ila adui yake. Sauti ni nyingi: mke wa kijijini, mke wa mtumishi, mwanamke wa mjini, ndege wa saa. Zote zinasema "mimi". Mbona kwenye taarabu unajua fika kwamba anayeimba "umeniacha mwenzio nateseka" siyo lazima awe ameachwa yeye jana usiku? Sikio hilohilo lipeleke na huku.

Ila nisikudanganye upande wa pili pia, maisha yake yamo. Walioana Aprili 1910 karibu na Kiev, na Septemba ya mwaka huohuo Gumilyov akaondoka kwenda Uhabeshi akamwacha nyumbani hadi Machi 1911. Ndiyo, huku kwetu Afrika, alikuwa mtu wa safari hizo, na 1913 alirudi tena rasmi kwa ajili ya makumbusho ya St Petersburg, akapita Djibouti mpaka Harar kukusanya vitu na kupiga picha, hata akakutana na Tafari, yule aliyekuja kuwa Haile Selassie. Basi katika miezi ile mke yuko peke yake, Novemba 1910, anaandika kishairi kinachosema, alipenda vitu vitatu duniani, nyimbo za ibada ya jioni, tausi weupe, na ramani za Marekani zilizochakaa. Hakupenda watoto wakilia, hakupenda chai ya rasiberi, wala wanawake kupandisha mashetani ya hasira. Na mimi nilikuwa mkewe. Kivuli cha mtu wa safari kimo humo, nani atakataa? Lakini tazama alivyofanya, kachukua ndoa yake kaifanya orodha, mistari michache, na mstari wa mwisho umekaa peke yake kama mtu aliyesahauliwa mezani. Maisha yalimpa kitambaa, nguo kaishona mwenyewe. Na Gumilyov aliporudi akamuuliza uliandika mashairi? Akamsomea. Mume akamwambia wewe ni mshairi, lazima tutengeneze kitabu. Mume huyohuyo ambaye watu wanamsoma kama mchapa mkanda!

Hilo la mada nyepesi. Mwambie mwenzako wa kundi kwamba uzito wa shairi hauji na mada. Osip Mandelstam, aliyemjua Akhmatova kwa karibu na mwenyewe ni mshairi mkubwa, aliandika 1922 kwamba Akhmatova ameleta kwenye ushairi wa Kirusi ule utajiri wote wa nafsi uliokuwa kwenye riwaya za Kirusi za karne ya 19. Fikiria basi, riwaya nene za kurasa mia nane, kina Tolstoy na Dostoevsky, halafu mtu anakwambia kitu kilekile kimeingia kwenye mistari kumi na sita juu ya glavu. Na siyo mapenzi tupu pia, kwenye Jioni kuna kipande cha 1911 kuhusu bustani za Tsarskoe Selo, kijana wa rangi ya maji ya kunde anatembea kwenye vichochoro vya miti, ana huzuni kando ya ziwa, na sisi karne nzima tunaitunza sauti ya hatua zake isiyosikika vizuri. Hamtaji jina. Ni Pushkin, mshairi mkuu wa Urusi, aliyesoma hapo kwenye Lisei, shule iliyofunguliwa 1811, miaka mia kamili kabla ya shairi, na rangi ile ni kwa sababu babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyeletwa utotoni kwenye jumba la Tsar Peter Mkuu. Mwishoni anakuonyesha kofia yake imelala pale na kitabu kilichochakaa cha Parny, mshairi Mfaransa. Kofia na kitabu, Pushkin mzima yupo. Ni jicho lilelile la glavu, mada ndiyo imebadilika.

Tena jicho hilo ndilo lililombeba baadaye mambo yalipokuwa mabaya. Gumilyov alipigwa risasi na serikali mwaka 1921. Mtoto wao Lev alikamatwa mara kadhaa, na mama akasimama foleni za gereza Leningrad, ndiyo St Petersburg kwa jina la enzi hizo, kutokana na hayo likaja shairi lake refu Requiem, lile ambalo kwa miaka mingi lilikaa vichwani mwa marafiki wachache waliolikariri kwa sababu karatasi ilikuwa hatari. Mwaka 1946 Zhdanov, bosi mkubwa wa chama cha Kikomunisti, alimshambulia hadharani kwa mashairi ya mapenzi, akamuita nusu mtawa nusu malaya, na Akhmatova akafukuzwa kwenye chama cha waandishi. Kama mapenzi ni mada nyepesi sijui kwa nini dola nzima ilihangaika nayo.

Kuhusu kusoma tafsiri, nitakuwa mkweli, unachoweza kupata na usichoweza viko wazi. Vitu utavipata, glavu ni glavu lugha yoyote, macho ya kijivu ni macho ya kijivu. Mwendo huupati, na tafsiri za Kiingereza zinazolazimisha vina mara nyingi ndizo zinazomfanya asikike kama msichana analalamika, kwa sababu mtafsiri akitafuta kina anaongeza neno la huzuni ambalo halikuwepo. Ikiwezekana tafuta tafsiri mbili za shairi moja, moja yenye vina na moja ya maneno wazi, uzilinganishe. Lakini kuna kitu mimi wala simu yako hatuwezi kukufanyia, ni kulisikia. Hapo unahitaji mtu ana kwa ana. Afrika Mashariki imejaa watu waliosoma Urusi, madaktari, mainjinia, walimu, kuanzia wale wazee wa Chuo Kikuu cha Lumumba kilichoanza Moscow 1960, mtaani kwenu au wilayani hamkosi mmoja, muulize kwa heshima, wengi hawajaulizwa Kirusi miaka mingi na watafurahi. Ukifika Dar kuna kituo cha utamaduni cha Urusi pia. Mwombe akusomee ule ubeti wa glavu kwa sauti, mara mbili, wewe ufumbe macho upige vidole mezani. Utausikia mstari wa nne.

Sasa mashairi yako. Usubiri? Akhmatova mwenyewe kitabu kilipokaribia kutoka aliona aibu, akaenda Italia, na aliandika kwamba akiwa kwenye tramu alikuwa anawatazama abiria wenzake anawaza, wana bahati hawa, hawana kitabu kinachotoka. Uzeeni aliviita vishairi maskini vya kibinti kisicho na kitu kichwani ambavyo sijui kwa nini vinachapishwa tena kwa mara ya kumi na tatu. Kwa hiyo huyo anayekwambia subiri ana hoja, unaweza kuja kujuta. Lakini angesubiri akomae, kina Mandelstam wangesoma nini? Na Chetki, kitabu chake cha pili cha 1914 kilichomfanya awe maarufu kweli, kimejengwa juu ya hiki. Mimi ningekushauri usitoe yote arobaini na kitu. Toa machache, nakala chache, kwa watu watakaokusoma vizuri. Kabla ya hapo kaa na mhariri au mshairi aliyekutangulia, uso kwa uso, kwenye karatasi, siyo kwa kutumiana kwenye kundi la simu ambako kila mtu anaweka kopa na makofi. Mtu atakayekuonyesha kidole mstari huu unalia, huu unaonyesha. Dibaji ya mkubwa inasaidia, ila ina bei yake, watu watakusoma kwa macho ya huyo mkubwa.

Ndugu wanakutisha, nakuelewa, hilo siyo dogo. Baba yake Akhmatova, Andrei Gorenko, mhandisi wa jeshi la majini, alimwambia asiliaibishe jina lake, na binti akajibu jina lako silihitaji, akachukua la upande wa mama, la bibi yake mkuu, Akhmatova, ndilo tunalolijua leo. Kwa hiyo jina la kalamu ni njia halali kabisa, na washairi wa Kiswahili wamejipa lakabu miaka nenda rudi. Halitakuficha kwa watu wa nyumbani hata hivyo, usijidanganye, litakupa tu nafasi ya kupumua. Njia nyingine ni ya kwake ya lile shairi: mpe yule mke sauti yake, mahali pake, mhunzi wake, taa yake, mpaka msomaji amwone yeye asikutafute wewe. Na mwambie mume wako kabla, msomee wewe mwenyewe, asije akalisikia kwa mjomba.

Ila dada, nisamehe nikiuliza. Kama hilo shairi la mke anayepigwa umelitoa ndani ya nyumba yako, basi hapo mimi mwalimu wa fasihi sitoshi na kitabu kinaweza kusubiri. Nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa daktari, au kwa mtu mzima unayemwamini asiye wa upande wa mume, na nenda ukiwa na mtu. Sihitaji unijibu hapa. Kama siyo hivyo, umeliandika kwa kuona ya jirani au kwa kuwaza tu, basi liache humo kitabuni, na usiweke maelezo chini kwamba siyo mimi.

Anza hivi: chapisha hayo arobaini kwenye karatasi, pitia na kalamu nyekundu, kila mahali ulipoandika uchungu, machozi, moyo, mateso, piga mstari, kisha jiulize wakati ule mikono ya huyo anayesema ilikuwa inafanya nini. Ukipata jibu andika hilo badala yake. Usipopata, liweke shairi pembeni kwa sasa, na hayo yatakayobaki ndiyo umpelekee mhariri.